Uzito wa Master of Reality unatoka wapi

Albamu ya tatu ya Black Sabbath, bendi ya roki ya Uingereza, inaitwa Master of Reality na ilitoka mwaka 1971. Ina nyimbo nane, mbili kati yake ni vipande vifupi vya gitaa visivyo na mwimbaji, na yote kwa jumla haifiki dakika 35. Kila anayeieleza hurudia neno moja: nzito. Ukimwuliza nzito kwa maana gani, atakwambia ni kelele za gitaa, au ni hasira, au ni ile hali ya giza. Majibu hayo hayatoshi. Bendi zilizopiga kwa kelele kubwa kuliko hii zilikuwepo mwaka huohuo, na mwimbaji wake, Ozzy Osbourne, haungurumi hata mara moja. Anaimba kwa sauti ya juu na ya wazi kabisa.

Uzito huu unaweza kuelezwa kwa vitu vinavyopimika: mkazo wa uzi, kasi ya mtetemo, besi inayokaa mahali fulani, na mpiga drams asiyekimbia. Kinachowachanganya wengi ni kwamba vitu hivyo vimefungamana, kimoja kimezaa kingine, na anayekichukua kimoja na kuviacha vingine hubaki akishangaa kwa nini gitaa lake linatoa mvumo wa jenereta.

Tuanze na mgawanyo wa kazi. Aliyekulia muziki wa dansi anajua gitaa la solo, la ridhimu na la besi, na anajua kwamba solo ndilo linalobeba wimbo: sauti safi, noti za juu, vidole vikitembea mbali chini ya shingo ya gitaa. Ndani ya Black Sabbath lilikuwepo gitaa moja tu, la Tony Iommi, na wimbo haubebwi na solo. Unabebwa na rifu, yaani kifungu kifupi cha noti za chini kinachorudiwarudiwa mpaka kinakuwa ndio uti wa mgongo wa wimbo mzima. Mara nyingi Ozzy anaimba melodi inayofuata rifu hiyohiyo, na besi ya Geezer Butler inaifuata pia. Watu watatu wakisema neno moja kwa wakati mmoja, neno hilo lina uzito kuliko mmoja akisema na wawili wakipamba. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na ilikuwepo tangu albamu yao ya kwanza ya mwaka 1970.

Vidole viwili

Sasa habari ya vidole vya Iommi, maana imesimuliwa sana na mara nyingi kwa kurukwa hatua.

Iommi alizaliwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948. Akiwa na miaka 17 alikuwa mchomeleaji kwenye kiwanda cha kutengeneza vitu vya bati. Siku yake ya mwisho kazini aliwekwa kwenye mashine ya kukandamiza mabati kushika nafasi ya mwenzake ambaye hakufika, na mashine ikamkata ncha za kidole cha kati na cha pete vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi. Ajali ilikuwa imempiga pale hasa alipouhitaji mkono.

Msimamizi wake wa kiwandani alimpelekea sahani ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa Ulaya aliyepiga solo kwa vidole viwili baada ya mkono wake kuungua. Iommi akaamua kurudi kwenye gitaa. Alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akafinyanga vijivimbe viwili, akavitoboa kwa moto mpaka vikaingia kwenye vidole kama subana, kisha akabandika juu yake vipande vya ngozi alivyokata kwenye jaketi kuukuu ili uzi usiteleze. Plastiki peke yake huteleza juu ya chuma. Ngozi laini mno hukwama. Ilibidi ngozi iwe kuukuu na ngumu kiasi.

Subana hizo zilimpa tatizo jipya. Ncha ya kidole ndiyo inayokwambia umebonyeza kiasi gani, na yeye kwenye vidole viwili hakuwa na habari hiyo tena. Akibonyeza kidogo, uzi unalia hovyo. Akibonyeza sana, noti inapanda juu ya pale inapotakiwa. Na kuuvuta uzi pembeni ili noti ipande kwa makusudi, jambo ambalo wapiga gitaa wa bluzi hulifanya kila dakika, kulihitaji nguvu ambayo vidole vile havikuwa nayo. Jibu lake la kwanza lilikuwa nyuzi nyembamba. Madukani hazikuwepo seti nyembamba za gitaa wakati huo, kwa hiyo alitumia nyuzi za banjo.

Hapa ndipo hatua inaporukwa. Watu husema: aliumia vidole, kwa hiyo akashusha tuni. Lakini ajali ilitokea miaka ya katikati ya 1960, na albamu mbili za kwanza za bendi, zote za mwaka 1970, zimepigwa kwa tuni ya kawaida. Vidole vilimlazimisha kutafuta ulegevu. Nyuzi nyembamba ndizo zilizompa ulegevu wa kwanza. Gitaa lenyewe lilichangia pia. Katikati ya kurekodi albamu ya kwanza, kinasa sauti (pickup) cha gitaa lake la Stratocaster kiliharibika, akashika gitaa la Gibson SG na hakurudi nyuma. Uzi wa Stratocaster una urefu wa milimita 648 kutoka kizingiti cha juu mpaka daraja. Wa SG ni takriban milimita 628. Tofauti ya sentimita mbili inapunguza mkazo kwa karibu asilimia 6 kabla hujagusa funguo.

Albamu ya kwanza ilirekodiwa kwa siku moja. Wakiwa na siku moja, wanamuziki hupiga walichokizoea jukwaani na kuondoka. Master of Reality ilirekodiwa kati ya Februari na Aprili 1971 kwenye studio za Island, London, prodyuza akiwa Rodger Bain na fundi mitambo Tom Allom. Safari hii walikuwa na nafasi ya kujaribu, na jaribio kubwa kuliko yote lilikuwa kushusha gitaa zima na besi kwa toni moja na nusu, kutoka noti ya E mpaka noti ya C#.

Tena si kwa nyimbo zote. Nyimbo zinazotajwa siku zote kuwa za C# ni tatu: "Children of the Grave", "Lord of This World" na "Into the Void". Hizo tatu ndizo zilizoipa albamu jina lake la uzito.

Hesabu ya C#

Uzi mnene wa gitaa ukiwa E hutetemeka mara 82.4 kwa sekunde. Ukiushusha nusu toni tatu mpaka C#, hutetemeka mara 69.3. Kwa masikio tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyosemwa. Piano ina noti za chini kuliko hiyo kwa wingi. Tofauti kubwa iko kwenye mkazo, kwa sababu mkazo hufuata mraba wa kasi ya mtetemo. Gawanya 69.3 kwa 82.4, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 0.707. Nyuzi zote zimepoteza asilimia 29 ya mkazo wake.

Chukua uzi wa kwanza wenye unene wa 0.010 ya inchi, yaani robo milimita, kwenye gitaa la urefu wa SG. Kwa tuni ya kawaida unavuta kwa nguvu ya karibu kilo 7. Kwa C# unavuta karibu kilo 4.9. Ukiweka uzi wa 0.008, aina ambayo Iommi anajulikana nayo, na kuushusha C#, unabaki na kilo 3.1 hivi: chini ya nusu ya ule wa mwanzo. Huo ni uzi unaoweza kuusukuma kwa kidole chenye subana ya plastiki.

Ulegevu huo una sauti yake, na ndiyo hasa inayosikika kwenye "Into the Void". Uzi uliolegea ukipigwa kwa nguvu hutanuka kidogo, kwa hiyo noti huanza juu kidogo ya mahali pake kisha hushuka na kutulia. Kila noti inaingia kama mzigo unaotua. Pia uzi unayumba kwa upana zaidi, unagusagusa freti, vile vyuma vilivyolala kukata shingo ya gitaa, na mgusano ule unaongeza ukwaruzo hata kabla ya umeme kufanya kazi yake. Sikiliza sekunde za kwanza za wimbo huo kwa spika za kichwani: zile noti zinazoburutwa kutoka moja kwenda nyingine zina mwanzo mnene na mkia unaotikisika. Athari hiyo huwezi kuipata kwa uzi mnene uliokazwa, hata ukiushusha noti ileile.

Noti mbili na kivuli cha tatu

Iommi hapigi kordi kamili, yaani noti tatu au zaidi kwa pamoja, mara nyingi. Anapiga noti mbili, ya kwanza na ya tano: C# na G#. Kordi ya namna hiyo haina furaha wala huzuni kwa sababu noti ya tatu, ile inayoamua kama kordi ni ya furaha au ya huzuni, haipo. Wengi huona ni uvivu. Sababu ni ya kifizikia.

Amplifaya ya vali ikizidishiwa nguvu huanza kukata vilele vya wimbi la sauti, huo ndio mkwaruzo, na katika kukata huko inatengeneza noti mpya ambazo hukuzipiga: jumla na tofauti za noti ulizozipiga. C# ya 69.3 na G# ya 103.8 tofauti yake ni karibu 34.6. Na 34.6 ni noti gani? Ni C# ya chini zaidi, oktavo nzima chini, noti ileile ya uzi mnene wa besi ya Geezer Butler ukiwa wazi baada ya kushushwa kutoka E. Kwa hiyo umepiga noti mbili, mkwaruzo ukazaa kivuli cha noti nyingine, na mtu wa besi amesimama juu ya kivuli hicho hasa. Spika za inchi 12 za gitaa hazina uwezo wa kutoa mtetemo wa 34 vizuri, lakini besi inao, na sikio linaunganisha vyote kuwa kitu kimoja kikubwa kisichojulikana kinaanzia wapi.

Sasa ongeza ile noti ya tatu iliyoachwa, F kwa lugha rahisi, ya 87.3. Tofauti yake na C# ni 18. Tofauti yake na G# ni 16.5. Hizo ziko chini ya usikivu wa binadamu, na zenyewe kwa zenyewe zinapigana. Unachosikia ni mvurugo, kama redio iliyo kati ya stesheni mbili. Ndiyo maana kordi inayopendeza kwenye gitaa safi la rumba huoza mara unapoipitishia mkwaruzo mkali, na ndiyo maana muziki wote wa heavy metal umejengwa juu ya noti mbili.

Kuondoa besi ili kupata uzito

Hili ndilo jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walijaribu. Kati ya gitaa lake na amplifaya zake za Laney, Iommi alikuwa na kisanduku kidogo kiitwacho Dallas Rangemaster, chenye transista moja ya germanium, chake kikiwa kimefanyiwa marekebisho. Kazi ya kisanduku hicho ni kunyanyua sauti za juu na kuziacha za chini nyuma. Mtu anayejulikana kwa muziki wa chini kuliko wote alikuwa anapunguza besi!

Sababu iko kwenye mpangilio. Sauti za chini zina nguvu nyingi kuliko za juu, kwa hiyo zikiingia kwenye amplifaya jinsi zilivyo, ndizo zinazofika kwenye ukomo kwanza na kuubana mlango wote. Kinachotoka ni tope: noti hazina mwanzo, hazina mwisho, na pigo la drams linazama humo. Ukipunguza besi kabla ya mkwaruzo, amplifaya inakwaruza sauti za kati na za juu, zile zinazobeba umbo la noti, na sauti za chini zinabaki imara. Besi unairudisha baada ya mkwaruzo, kwa spika kubwa na kwa gitaa la besi. Mpangilio wa kabla na baada ndio wenye maana. Kupunguza besi baada ya mkwaruzo kunafanya gitaa liwe jembamba tu.

Na usisahau kwamba sahani ya santuri ya mwaka 1971 isingebeba tope hilo hata wangelitaka. Mtetemo mkubwa wa chini hupanua mfereji na kuirusha sindano.

Bill Ward na mwendo

Drams ndizo zinazosahauliwa. Bill Ward alilelewa na jazi, na ukimsikiliza kwa makini utagundua hapigi wakati kwa unyoofu wa mashine, anabembea. Pigo la pili na la nne linachelewa kidogo sana, kiasi cha kukufanya uhisi wimbo unavutwa kwa nyuma. Rifu ya polepole ikipigwa na mtu anayekimbilia mbele inakuwa wimbo wa kawaida uliopunguzwa mwendo. Ikipigwa na Ward inakuwa inatembea na mzigo kichwani.

"Children of the Grave" inaonyesha upande mwingine. Huu si wimbo wa polepole. Mkono unaopiga umelazwa juu ya nyuzi karibu na daraja ili kuziziba, na uzi wa chini unagongwa kwa mapigo ya tatu-tatu, kama farasi anayetimua. Aliyezoea chakacha au ngoma zozote za sita kwa nane za pwani atauhesabu bila shida: ni familia ileile ya mapigo. Juu ya drams za kwanza zilirekodiwa ngoma za ziada zinazojaza nafasi kati ya mapigo, na ukizisikiliza peke yake ungedhani ni kikundi cha watu watatu. Wimbo unaishia kwa mnong'ono na mwangwi, na ukimya unaobaki unatisha kuliko rifu yenyewe.

"Into the Void" ndiyo iliyowatesa. Iommi ameeleza kwamba walijaribu kuirekodi zaidi ya studio moja kwa sababu Ward alishindwa kuishika, na kila aliposhindwa alizidi kuamini kwamba haiwezi. Ukiichambua unaelewa kwa nini. Wimbo una utangulizi wa polepole, kisha rifu kuu yenye mwendo mwingine, kisha sehemu ya mbio katikati, kisha unarudi, na mabadiliko hayo hayana onyo; hakuna hesabu ya moja-mbili-tatu inayosikika. Mpiga drams lazima auhisi mwendo mpya kabla haujafika. Ozzy naye alihangaika kwenye ubeti wa mwanzo, ambapo maneno ya roketi zinazoihama dunia iliyochafuliwa yanakwenda haraka kuliko mdomo unavyopenda.

Maneno mengi yaliandikwa na Butler, na kwa watu walioitwa waabudu shetani yanashangaza: "Children of the Grave" inawahimiza vijana wakatae vita vya nyuklia, "After Forever" ni utetezi wa wazi wa Mungu, na "Lord of This World" inamkemea anayemchagua mwovu. "Sweet Leaf" ni sifa kwa bangi, haijifichi, na kikohozi kinachoifungua ni cha Iommi mwenyewe, kimekatwa kwenye utepe na kurudiwarudiwa.

Halafu kuna nyimbo za utulivu. "Embryo" ina sekunde 28 tu. "Orchid" ni gitaa la mbao peke yake, dakika moja na nusu. "Solitude" ina filimbi na piano zilizopigwa na Iommi, na Ozzy anaimba kwa upole kiasi kwamba mpaka leo wapo wanaobishana kuwa ni Ward anayeimba. Ni Ozzy. Vipande hivi wengi huviruka, na hapo wanajinyima. Sikio huzoea kelele baada ya dakika chache. "Orchid" inalirudisha sikio chini, na "Lord of This World" inapoingia mara moja baadaye, inaanguka kutoka juu zaidi. Ukitaka kulithibitisha, isikilize albamu kwa mpangilio wake, kisha isikilize bila vipande vya utulivu. "Lord of This World" ya mara ya pili ni ndogo.

Albamu ilifika nafasi ya 5 Uingereza na ya 8 Marekani. Matoleo ya kwanza ya Marekani yaliandikwa jina kwa makosa, Masters of Reality, na baadhi ya vipande vya ndani ya nyimbo vikapewa majina yao ili orodha ionekane ndefu. Mavuno yake makubwa yalikuja miaka 20 baadaye: Kyuss na Sleep wa California walijenga mtindo mzima juu ya nyimbo hizi tatu za C#, na mwaka 1992 Soundgarden wa Seattle walitoa "Into the Void" yenye muziki uleule lakini maneno yaliyotoka kwenye hotuba inayohusishwa na Chifu Seattle, kiongozi wa wenyeji asilia wa Marekani.

Ukitaka kuijaribu kwenye gitaa lako

Tuni kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni C#, F#, B, E, G#, C#. Teremsha kila uzi mpaka chini kidogo ya noti, kisha panda mpaka uifikie. Ukiishia kwa kushusha, funguo zinabaki na ulegevu na uzi utaendelea kuteremka katikati ya wimbo. Anza na uzi mnene. Ukimaliza wote sita rudia duru nzima, maana shingo ya gitaa imepumua na nyuzi za kwanza hazipo tena ulipoziacha.

Kisha chagua njia moja kati ya mbili. Ukibaki na nyuzi zako za 0.010, mkazo unashuka kwa ile asilimia 29, na unapata ulegevu wa Iommi pamoja na gharama zake. Kosa la kubonyeza sana linakua: nguvu ileile ya kidole iliyokuwa inapandisha noti kidogo sasa inaipandisha mara 1.4 zaidi. Ndiyo maana anayeshusha tuni kwa mara ya kwanza hudhani gitaa lake limeharibika; kumbe vidole vyake vinakamua mno. Shingo nayo, ikiwa imepunguziwa mvuto, hunyooka au kubinuka nyuma, na nyuzi huanza kulia kwenye freti tatu za mwanzo. Dawa ni kulegeza chuma cha ndani ya shingo kwa kukizungusha kinyume cha saa, robo mzunguko tu, kisha kusubiri na kupima. Bonyeza uzi mnene freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja: katikati, karibu na freti ya saba, pawe na mwanya wa robo milimita.

Njia ya pili ni kuweka nyuzi za 0.012. Hesabu inakubali: 0.012 kwa C# inavuta karibu sawasawa na 0.010 kwa E, kwa hiyo shingo haihitaji kuguswa. Tatizo linahamia kwenye kizingiti. Vijia vyake vilikatwa kwa nyuzi nyembamba, na uzi mnene unakwama humo. Dalili ni mlio mdogo wa "tik" unapozungusha ufunguo, na noti kuruka badala ya kupanda taratibu. Vijia vipanuliwe kwa tupa nyembamba na mtu anayejua; vikizidi kina, kizingiti hakirudi. Kwenye daraja, linganisha noti ya freti ya 12 iliyobonyezwa na ile ya kuugusa tu uzi juu ya freti hiyohiyo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kitako cha uzi nyuma.

Besi isiachwe. Besi ya nyuzi nne iliyoshushwa na uzi uleule wa 0.105 inapwaya na kupoteza noti. Kwa mkazo ule wa zamani unahitaji 0.125. Mwenye besi ya nyuzi tano apige C# kwenye freti ya pili ya uzi wa B na maisha yaendelee.

Kwenye amplifaya, makosa ni mawili na hufanyika pamoja: mkwaruzo umezungushwa mpaka mwisho, na sauti za kati zimefutwa. Chumbani inapendeza. Pamoja na drams na besi gitaa linapotea kabisa, kwa sababu chini pamechukuliwa na besi, juu pamechukuliwa na matoazi, na katikati umepaacha wazi kwa hiari yako. Weka sauti za kati juu ya nusu, besi chini ya nusu, mkwaruzo punguza mpaka usikie kipigio kikigusa uzi. Piga rifu ya "Into the Void" namna hiyo bila mtu wa besi na utaona gitaa lako ni jembamba, la kukatisha tamaa. Usiguse kitu. Mwambie wa besi aingie.